Kiti cha Marehemu Kirita

Tak, tak, tak. Umeme ulikuwa umekatika, na gizani kilisikika kifuniko cha sufuria ya maharage kikicheza jikoni. Sebuleni wajukuu walikuwa wakimzonga mdogo wao ataje majina ya mikoa, haraka haraka, hata mtoto akashikwa na kigugumizi. Bibi Ndelilio akawakatiza kwa upole: "Mpe hewa ndipo umpime pumzi."

"Bibi, maneno hayo yametoka wapi?"

Methali hii ilianza hivi, akasema Bibi.

Alikuwapo mjane mmoja, Mama Anansia, kwenye mashamba ya kahawa kule Usa. Marehemu mumewe, Mzee Kirita, alimwachia kigari cha Kiingereza cha viti viwili, kisicho na paa, alichopewa na mwenye shamba aliyerejea kwao. Mzee alikuwa amemwahidi binti yake Anansia kwamba siku ya harusi atapelekwa kanisani na kigari hicho. Sasa Mzee hayupo, harusi ni Jumamosi, na gari halijawashwa tangu msiba.

Alhamisi akaitwa Fundi Matoi. Alitaka kwanza kujua kama injini bado ina nguvu. Akafungua plagi zote nne, akafunga geji kwenye tundu la kwanza, ili injini ikizungushwa, sindano ioneshe pistoni inasukuma hewa kiasi gani. Lakini nyumba ile ilikuwa na desturi yake: kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka mwaka uishe. Koti lake lilikuwa bado limetandikwa kwenye kiti cha dereva. Kwa heshima hiyo Matoi hakuingia ndani. Alibonyeza kitufe cha stata kilichokuwa chini ya boneti, kama magari mengi ya zamani yalivyokuwa.

Sindano ikapanda hadi tisini, ikagoma. Ilitakiwa mia na hamsini. Tundu la pili, tisini. La tatu, tisini. La nne, vilevile.

"Pole, mama," Matoi akasema. "Injini imekufa."

Getini lori la chuma chakavu lilikuwa likingoja, maana shemeji wa Mama Anansia alishawaita wanunuzi.

"Mama, mpaka lini? Chuma hakina ufufuo!" dereva akapaza sauti. Vijana wake wakacheka, wakaanza kukunjua kamba.

Mama Anansia alisimama, ncha ya kanga mdomoni. Alimwona binti yake akipita na ndoo bila kutazama upande wa gari, akajua mtoto anajizuia kulia.

"Fundi," akasema, "pistoni zote nne zimeugua siku moja? Tena ugonjwa sawasawa?"

Matoi akakuna kichwa. "Hata mimi hilo linanisumbua. Zikichakaa huwa zinatofautiana."

"Marehemu alipokuwa akipima hivi alikuwa ananiita. 'Mama Anansia, njoo unikanyagie!' Nami nikidhani anataka tu nikae naye."

"Ukanyage nini?"

"Mafuta. Mpaka chini kabisa, nisiachie."

Matoi akajipiga paji la uso. "Jamani! Nimeikaba koo, halafu nasema haina pumzi! Usipokanyaga, njia ya hewa imefungwa." Kisha akalitazama lile koti. "Lakini kiti chenyewe, mama..."

Mama Anansia alikwenda, akalikunja koti polepole, akalipakata.

"Baba Anansia, uniwie radhi," akanong'ona. "Ni wewe uliyenizoesha."

Akakaa. Akakanyaga hadi mguu ukagusa sakafu.

Matoi akabonyeza. Injini ikavuta hewa kwa kishindo: fuu, fuu, fuu. Sindano ikapita tisini, ikapita mia na thelathini.

"Mia na hamsini!" fundi akapiga kelele. "Mama, kizima hiki!"

Anansia akadondosha ndoo, maji yakamwagika hadi miguuni mwa watu wa lori. Wakapima tundu la pili, la tatu, la nne, yote mazima. Mama Anansia alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, mguu bado umekanyaga, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia auinue.

"Basi, mama, umetushinda," dereva akasema, na kamba zikakunjwa.

Jumamosi Anansia alikwenda kanisani kwa kigari cha baba yake, Matoi kwenye usukani kwa ruhusa ya mama, shela ikipepea hadi nyuma. Na tangu hapo, kila mtu alipofanya haraka kumhukumu mwenzake, Matoi alimwambia alichojifunza siku ile: mpe hewa ndipo umpime pumzi.

Yule mjukuu mdogo akasema, "Kumbe gari halikuwa gonjwa."