Ngiri na Nungunungu Wapanda Baiskeli Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Na aliyekaa nyuma?

Asisinzie!

Haya. Hapo zamani za kale, Bwana Ngiri alimwoa Bi Nungunungu. Msiniulize walipendana vipi. Walipendana.

Ukoo wa bibi harusi ulikuwa na mila yake. Siku ya kwanza ya kwenda kuwasalimu wakwe, mume na mke sharti waingie langoni pamoja. Mmoja akimtangulia mwenzake, ndoa imekwisha, binti anabaki kwao. Sasa Ngiri akishaanza kutembea, mkia juu, mbio! Na mkewe ni wa pole pole, miiba inamlia cha, cha, cha.

"Mume wangu, utaniacha njiani," akasema Bi Nungunungu. "Baba hakupendi. Anangoja hilo tu."

Ngiri akaogopa kweli. Akaenda kwa Kima, fundi baiskeli. Kima akaunganisha baiskeli mbili, ikawa moja ndefu: viti viwili, pedeli za mbele na za nyuma, usukani mmoja.

Wakapanda, mume mbele, mke nyuma. Wakafika kwenye kona. Ngiri akakata kushoto kimya kimya. Bi Nungunungu akaegemea kulia. Puu! Chini.

"Hukuniambia!"

"Nikuambie nini, huna macho?"

"Ninayo. Ninaona mgongo wako."

Wakapanda tena, sasa mke mbele. Kanga akakatiza njia. Bi Nungunungu akabana breki kimya kimya. Ngiri akaenda na pua yake mpaka kwenye miiba. Alilia, jamani! Mke akamchomoa mwiba mmoja mmoja.

Wakapanda mara ya tatu, Ngiri mbele. Wakafika mlimani. Ngiri akawaza, "Acha akanyage yeye." Akainua miguu. Kule nyuma Bi Nungunungu akawaza hivyo hivyo, akainua yake. Baiskeli ikasimama kidogo, kisha ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye matope ya bondeni.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Bi Nungunungu akaanza kulia.

"Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa sikanyagi."

"Hata mimi," akasema Ngiri.

Wakatazamana, matope mpaka masikioni, wakacheka.

"Basi wewe uliye mbele, niambie unachokiona," akasema mke.

"Nawe ukiwa na neno, sema. Nitafuata kwanza, nitauliza baadaye."

Wakapanda.

"Kona, kushoto!" Wakaegemea kushoto.

"Jiwe!" Wakalikwepa.

"Mlima, kanyaga!" Wakakanyaga wote wawili, jasho likawatoka, wakapanda mpaka juu.

Lango la wakwe likaonekana. Mzee Nungunungu alikuwa amesimama pembeni yake. Ngiri akafurahi, mkia ukasimama, akaongeza mbio. Mzee akatabasamu. Bi Nungunungu akachungulia begani kwa mumewe, akaliona tabasamu la baba yake, akaelewa. Aliyekaa mbele ataingia mbele!

"Breki!" akapiga kelele.

Ngiri hakuuliza. Akabana. Gurudumu likasimama pale pale langoni, bila kupita.

"Shuka. Tuigeuze ubavu."

Wakaibeba baiskeli ubavu, huyu kashika huku, yule kashika kule, wakaingia sambamba, kwa hatua moja.

Mzee akainama, akatafuta unyayo uliotangulia. Hakuuona. Akatafuta tena.

"Karibuni," akasema, na neno hilo lilimchoma kuliko miiba yote ya ukoo wake.

Haya, ninyi wenye wenza, na ninyi mnaotafuta, mmesikia. Aliye mbele aseme anachokiona. Aliye nyuma akanyage kweli, hata kama hakuna anayemwona. Na mwenzako akikuambia simama, simama kwanza.

Hadithi yangu naiegemeza hapa ukutani. Anayetaka kuipanda, atafute mwenzake.