Mashimo Yaliyoachwa Wazi

Wapendwa katika Bwana, palikuwa na mama mmoja aliyejua kulima. Bustani yake ya mchicha na bamia, nyuma ya jiko, aliizungushia ua wa matete, akaimwagilia asubuhi na jioni. Jirani yake, bibi mjane, alikuwa na matuta mawili tu ya matembele. Kilichopungua alikitafuta porini.

"Bibi, leo tena unakwenda kugombania ming'oko na nguruwe?" mama yule alimtania kila alipomwona na kikapu.

"Naam, mwanangu. Anayemlisha nguruwe ananijua na mimi."

Mwaka ule kisima kilikauka. Bustani ikanyauka, na watoto watatu wakawa wanamtazama mama yao usoni. Ndipo naye akashika jembe, akapita njia ya nyuma asionekane, akaingia porini. Alichimba kwa pupa. Ming'oko, viazi vile vya porini, aliing'oa pamoja na mashina yake, mashina akayatupa, akarudi na kikapu kimejaa. Watoto wakashiba, naye akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Siku ya nne akarudi porini. Akamkuta bibi ameinama juu ya mashimo yale yale.

"Bibi wewe! Hata makombo yangu huyaachi?"

Bibi akainua shina moja. "Sichimbi, mwanangu. Narudisha. Viazi huchukuliwa, shina likafukiwa. Mvua ikija, huzaa tena. Mengine yamekwisha kufa. Haya yenye unyevu nimeyawahi."

"Unanihangaikia mimi, niliyekucheka?"

"Ulicheka, nilisikia. Sasa niambie, mwakani wanao watakula nini?"

Mama yule akaweka jembe chini. Akapiga magoti, akaanza kufukia kwa mikono.

Je, ndugu zangu, mnamhukumu? Polepole! Bustani ni ya Mungu, na pori ni la Mungu. Yeye aliyewaagiza wavunaji wa kale wasimalize pembe za shamba, ametupa sisi ruhusa gani ya kumaliza shina? Sisi tuliochukua msituni, tuliochukua kwa wazazi wetu, tuliochukua katika kanisa hili, tukashiba na kuimba haleluya: nyuma yetu tumeacha nini? Yupo mtu tunayemdharau, na saa hii ameinama, anafukia mashimo yetu. Mkitoka hapa msiishie kumwombea. Nendeni mkapige magoti kando yake, mshike udongo, maana mvua ya Bwana i karibu.