Siku Jumbe Ngwali Aliposikiliza Miguu

Paukwa!
Pakawa!
Ah, mmefunga leo? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, katika mji mdogo wa bondeni, kando ya mto, alikuwepo Jumbe Ngwali. Miaka thelathini aliuongoza mji ule. Akachimba visima, akajenga soko, akaenda barazani kwa mfalme kubishana mpaka kodi ikapunguzwa. Watu walimpenda, jamani, walimpenda!

Mwaka huo mto ukaanza kushuka mwekundu, umebeba miti mizima. Jumbe akaingiwa na hofu. Akamwendea mfalme, akaomba ardhi ya mlimani, akapewa. Akarudi na kuwaambia watu wa bondeni, "Hameni kesho."

"Tuache mashamba yetu? Mzee huyu amezeeka vibaya!"

Na kesho yake, kumbe, ndiyo siku ya kuchagua jumbe. Desturi yao ilikuwa hii: wagombea husimama wamewapa watu mgongo, kila mtu akajipanga nyuma ya amtakaye. Mgombea akigeuka kabla ya baragumu, ameshindwa.

Jumbe akasimama. Kando yake akasimama Kitwana, mchuuzi aliyeapa kwamba hatahama mtu. Mto nao ukinguruma: vuuu! vuuu!

Mdogo wake Jumbe akamnong'oneza, "Kaka, waambie watabaki bondeni. Sema tu, utashinda!"

"Nikisema, watabaki kweli."

Akasikiliza miguu. Ti-ti-ti, kwa Kitwana. Ti-ti-ti, kwa Kitwana. Nyuma yake, kimya. Moyo ulimuuma, nawaambieni, ulimuuma sana. Miaka thelathini!

Baragumu likalia: puuu! Akageuka. Yupo mdogo wake peke yake.

Jumbe akavua kilemba, akamvika Kitwana, akamshika mkono, akampeleka hadi ukingoni mwa mto. Maji yalishafika mlangoni mwa nyumba ya kwanza.

"Mimi hawanisikii tena. Wewe watakusikia."

"Lakini mzee, niliapa!"

"Uliapa. Na sasa watu ni wako."

Kitwana akatazama maji. Akawatazama wanaomshangilia. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Hameni! Sasa hivi!"

Wakahama mbio. Jioni mto ukaingia bondeni, gubuu! Nyumba zote zikaenda. Hakufa hata mtoto mchanga.

Mlimani wakaliimba jina la Kitwana. Na Ngwali? Alikuwa nyuma ya wote, amembeba mgongoni bibi kizee wa nyumba ya mwisho, anapanda akihema, naye anaimba jina hilohilo.

Basi ninyi wapenda vyeo, jiulizeni: mwataka watu wapone, au mwataka wawashukuru?

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mabega na aibebe.