Mkuu Akizama Moshini

Mkuu akizama moshini, nani atautazama moto? Mmeitamka methali hii kwa wepesi, kisha mkauliza ilikotoka. Asili yake ni hii. Sikilizeni kwa utulivu, maana nusura igharimu roho za watu.

Katika mji mmoja wa pamba, Ndalahwa alipandishwa cheo kuwa mkuu wa zamu katika kikosi cha zimamoto. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetangulia ndani na mpira wa maji, wala hakuna aliyemshinda. Sasa wajibu wake ulikuwa kusimama nje, autazame moto mzima, na hatari ikikaribia apulize filimbi ili wote watoke. Filimbi hiyo huvaliwa na mkuu peke yake.

Adhuhuri moja ghala la pamba likashika moto. Ndalahwa alisimama uani. Hakuuogopa moto, aliogopa macho ya wenzake.

“Afande, leo utatuangalia tu?” alisema Shigela, rafiki yake tangu mafunzoni, akiuvuta mpira. “Kumbe cheo kina kivuli kizuri.”

Neno lile lilimchoma. Akampokonya mpira, akaingia, Shigela akimfuata.

Ndani hapakuonekana kitu. Marobota yaliungua kwa chini chini, yakinguruma. Juu yao kitu kikapasuka. Ndalahwa akajiambia ni bati tu. Mara mpira ukalegea mikononi mwake. Maji yamekatika.

Wazimamoto wote hufundishwa kwamba mpira ukikauka, mtu arudi akiufuata. Akampapasa Shigela, akamkuta ameganda, akamkamata mkanda na kumburuta gizani, mkono mmoja ukiufuata mpira. Hawajafika katikati ya ua, paa likaanguka nyuma yao.

“Nani amefunga maji?” Ndalahwa aliuliza, akikohoa.

“Ni mimi, afande.” Minza, mwendesha pampu, alikuwa bado ameishika koki. “Ukuta ulikuwa unafura, karibu uanguke. Nimekutafuta mahali pako, hupo. Nimeita, hamsikii. Filimbi unayo wewe shingoni. Ningewatoaje bila kuukausha mpira?”

Ndalahwa akaishika filimbi shingoni. Shigela naye mzaha ulikuwa umemwisha.

“Mkuu akizama moshini,” Minza akasema polepole, “nani atautazama moto?”

Upande wa pili wa ghala ulikuwa bado unawaka. Ndalahwa akamrudishia Shigela mpira, akamwagiza aingie na wenzake kwa mlango wa mbele, kisha akaenda kusimama mahali pake. Hofu ya pale nje iliizidi ile ya ndani, kwa kuwa mwili uliokuwa hatarini haukuwa wake. Kila bati lililolia lilimkata maini. Hata hivyo hakusogea. Ukuta wa pili ulipoanza kufura, yeye ndiye aliyeuona kwanza. Akapuliza, na wote wakatoka wazima kabla haujaanguka.

Basi nanyi, siku mtakapokabidhiwa watu, msitafute sifa ya kutangulia. Mkuu akizama moshini, nani atautazama moto?