Pimbi Alivyotafsiri Filamu ya Majambazi

Nianze?
— Anza!
Nikiongeza chumvi?
— Ongeza, tutakunywa maji!

Basi. Zamani wanyama walikuwa na banda lao la video, na mwenye banda alikuwa Kasuku. Yeye ndiye aliyewasha jenereta, dududu-dududu, na yeye ndiye aliyetafsiri, maana filamu zilisema lugha ya mbali.

Sheria ya banda ilikuwa moja: kila mtu aje na chakula chake, na atakayekimbia kabla ya mwisho awaachie waliobaki.

Fisi aliipenda sheria hiyo kuliko mifupa. Kila ikija filamu ya majambazi, yeye na rafiki yake Kunguru waliisifu mchana kutwa. Kunguru alisema ni kazi ya ustadi. Fisi alisema damu imemwagwa kwa mpangilio. Wanyama wadogo wakaamini, wakaja. Risasi zikalia ta-ta-ta, wadogo wakakimbia pu-pu-pu, Fisi akala nyam-nyam-nyam, na kilichobaki akakitia guniani.

Pimbi alikimbia, akaacha viazi. Akakimbia tena, akaacha mahindi. Wanawe wakalala na maji ya moto tumboni. Akamwendea Fisi, akamweleza kwamba yeye alimwona mama wa jambazi akilia, akashindwa kukaa.

"Dada Pimbi," Fisi akasema, "filamu huzijui. Moyo wako ni wa bisi."

Pimbi akarudi nyumbani akijiuliza kama mjinga ni yeye. Akasali. Alipomaliza kusali akakumbuka jambo: hata Fisi ile lugha haijui.

Jioni yake Kasuku alikuwa amekauka sauti kwa kuigiza risasi. Pimbi akajitolea kutafsiri.

"Kwani unaijua?" Kasuku akakwaruza.

Pimbi akasema anaijua. Ilikuwa dhambi, naye alijua ni dhambi, akaomba msamaha papo hapo ili apate nafasi ya nyingine.

Jenereta dududu. Jambazi akatokea, ta-ta-ta. Wadogo wakakumbatiana.

"Anasema, wadogo nawasalimu, kaeni mstarehe," Pimbi akatafsiri.

Ta-ta-ta.

"Anasema, namtafuta mmoja tu."

Fisi akaacha kutafuna. Jambazi akageuka, akawakodolea macho watazamaji.

"Anasema, ana madoa, yuko benchi la mbele."

Kunguru akatorokea kwenye tundu la paa. Fisi akanong'ona, "Hebu muulize ananitakia nini."

"Anasema, viazi vya Pimbi viko wapi?"

Fisi akatoka na mlango, kraa, gunia akaliacha. Wadogo wakagawana, na Pimbi akapata viazi vyake na mahindi yake. Kisha wakaitazama filamu mpaka mwisho. Mama wa jambazi alipolia, walilia wote, huku wanakula.

Kesho yake Fisi akatangaza kwamba filamu ile ni mbovu, haina ukweli hata kidogo. Kunguru akaunga mkono, akasema na mlango nao ulikuwa mbovu. Pimbi alipoulizwa, akasema yeye ilimgusa, hasa pale katikati.

Funzo ni hili, watoto: msiseme uongo, na filamu waachieni wajuzi, wao hawaogopi kitu.

Hapo jenereta yangu imeishiwa mafuta. Hadithi ikiwa imenoga, nendeni nayo. Ikiwa imechacha, niachieni, nitailia muhogo.