Jina Moja Katikati ya Tarumbeta

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani si lazima iwe ya sungura na fisi. Zamani hii ilikuwa na umeme, na umeme wenyewe ulikuwa unakatika. Hapo zamani, basi, palikuwa na bendi ya dansi huko Muheza iitwayo Mchungwa Jazz. Kiongozi wake alikuwa Kapteni Mhina, mpiga tarumbeta, mtu wa maneno machache na mashavu makubwa. Nyuma ya bendi, kwenye meza iliyojaa nyaya kama utumbo wa mbuzi, alikaa fundi Chausiku. Kazi yake ilikuwa kurekodi muziki unapopigwa, kisha kuuchanganya: sauti hii aipandishe, ile aishushe, nyingine aisafishe, mpaka wimbo usikike vizuri redioni.

Chausiku alikuwa na mama yake huko Bumbuli, na mama huyo alikuwa na redio na majirani. Kila wimbo wa Mchungwa Jazz ulipopigwa aliwaita: "Njooni, mwanangu huyo." Majirani walisikiliza mpaka mwisho. Anaimba? Haimbi. Anapiga gitaa? Hapigi. "Sasa mama Chausiku, huyo mwanao yuko kwenye bendi kweli, au anawapikia?" Mama akampigia simu binti yake: "Mwanangu, hebu kohoa hata kidogo humo ndani, nipate cha kuwaonyesha." Chausiku alicheka. Lakini simu ilipokatika alibaki ameishika, roho inamuuma.

Mnajua ada ya bendi zetu. Katikati ya wimbo tarumbeta zikinyamaza kidogo, linaitwa jina la mtu. Ukiitwa humo, umeitwa. Hata ukifa, redio inaendelea kukuita. Na Mchungwa Jazz waliacha nafasi moja tu katika kila wimbo.

Jumapili moja alasiri bendi ilipiga kwenye ukumbi wa ushirika ili onyesho lote lirekodiwe. Chausiku alitega maiki kila mahali. Maiki ya mwimbaji Hizza aliifunga kwa waya kwenye mlingoti wake, maana Hizza akipandwa na mzuka hushuka nayo kwa watu, na mara ya mwisho alishuka na meza nzima ya mitambo. Maiki nyingine aliisimamisha nyuma kabisa, karibu na mlango, inase vigelegele.

Hapo mlangoni alikuwepo Bi Mwanakombo, mkaanga bhajia. Aliitazama maiki iliyosimama kwenye njia ya wateja wake. "Na hii nayo imetoka wapi?" Akaiondoa, akaining'iniza kwa kamba ya katani kwenye nondo ya dirisha, juu ya karai lake. Kazi ikaendelea.

Ukafika wimbo wa mwisho, wimbo mpya, wenye ubeti ambao Hizza mwenyewe haujui. Ndiyo, haujui. Ubeti huo humjia palepale jukwaani, na ukishatoka umetoka. Ukimwambia arudie, anakuuliza, "Kwani niliimba nini?" Mzuka ukampanda. Akavuta maiki, maiki ikagoma. Akaiacha, akashuka kwa watu anaimba kwa mdomo mtupu, pua ikimwongoza kwenye bhajia.

Kwenye hedifoni za Chausiku sauti ikapotea. Ubeti mzuri kuliko zote alizowahi kuimba Hizza ulikuwa unamwagika bure. Wapiga gitaa nao, walipomkosa mwimbaji mbele yao, wakatazamana. Mmoja akaacha, wa pili akaacha. Akabaki Mzee Semboja, mpiga tumba, ambaye hupiga amefumba macho. Hakuona kitu. Akapiga, akapiga, akapiga, mpaka Hizza akamaliza ubeti wake mbele ya karai, akapewa bhajia mbili, akarudi jukwaani anatafuna. Magitaa yakadandia tena, tarumbeta zikalia, watu wakashangilia.

Kesho yake Chausiku akakaa studioni kuchanganya. Akafungua maiki ya Hizza: kimya. Akafungua maiki ya tumba: tumba tu. Akafungua ile ya vigelegele, hana hata tumaini, na Hizza huyo hapo, karibu, sauti safi. Ila hakuwa peke yake.

"Nikikukosa mpenzi nitalala wapi," aliimba Hizza.

"Ngoja kwanza zichuje mafuta," alisema Bi Mwanakombo.

"Moyo wangu unaungua..."

"Haziungui hizo, toa mkono."

Na chini ya yote mafuta yanalia: chwaa, chwaa, chwaa.

Chausiku alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akalia kwelikweli, maana wimbo ulitakiwa redioni Ijumaa. Maneno ya Bi Mwanakombo aliyakata, yakakatika. Mafuta yalikataa. Kila akiyaondoa, Hizza alisikika kama mtu aliyebanwa pua. Basi akaisikiliza tumba ya Mzee Semboja. Akachukua chwaa moja, akaisogeza ikae sawasawa na pigo. Akachukua nyingine. Kazi hiyo ilimla wiki karibu yote, chwaa kwa chwaa.

Kapteni Mhina alipokuja kusikiliza, alitikisa kichwa taratibu.

"Chausiku."

"Naam, Kapteni."

"Sisi hatuna kayamba. Nani kapiga kayamba?"

"Bhajia, Kapteni."

Akaelezwa. Akacheka, kisha akasema, "Nafasi ya jina katika wimbo huu haiendi kwa mtu asiyehusika nao. Ataitwa yule aliyeuokoa."

Maneno hayana mlango. Ijumaa asubuhi studio ilijaa.

Bi Mwanakombo akasema: "Maiki niliihamisha mimi. Mafuta ni yangu, kayamba ni langu. Ingebaki pale ilipowekwa, mngenasa kandambili za watu. Na mwaka jana mlimwita Bi Rukia muuza chai. Tangu siku hiyo hapokei salamu yangu mpaka nimwite kama alivyoitwa redioni. Wimbo nimeuokoa mimi."

Hizza akasema: "Nani alishuka? Mimi. Ningebaki jukwaani, karai lingenasa nini? Bhajia. Halafu nawaita watu majina yao tangu nina nywele kichwani, na hakuna aliyewahi kuliita langu. Wimbo nimeuokoa mimi."

"Wewe ndiye uliyeupoteza," alisema Bi Mwanakombo.

"Nikauokoa palepale."

Mzee Semboja akasema: "Magitaa yalinyamaza, tumba haikunyamaza. Ubeti wako, Hizza, ulitembea juu ya mikono yangu. Na mke wangu mpaka leo anadhani tumba inapigwa na mashine. Wimbo nimeuokoa mimi."

"Lakini mzee, ulikuwa umefumba macho," alisema Hizza. "Hukujua lolote."

"Kwani nguzo inaona? Nyumba si imesimama?"

Wakamgeukia Chausiku. Akasema: "Mlichoniachia kilikuwa kelele za jikoni. Niliketi nazo mpaka zikawa wimbo. Na mama yangu anasubiri kando ya redio yake. Wimbo nimeuokoa mimi."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo, "na aliyeifunga maiki ya Hizza ni nani? Usingeifunga, si angeshuka nayo?"

"Angeshuka na meza," alisema Chausiku, lakini kwa sauti ndogo.

Kapteni akashika maiki, wimbo ukachezwa, akajaribu kuwaita wote katika ile nafasi moja. "Mwanakombo, Hizza, Semb..." Paaa! Tarumbeta zikameza. Akaita upesi upesi. Paaa! Tarumbeta zenyewe alizipiga yeye, hakuwa na wa kumlaumu. Mwishowe akaliita kila jina peke yake, kwa moyo wote, akaliacha kwenye mashine.

"Hawa wote ni watu wangu, mimi siwezi," alisema. "Chausiku, acha moja, futa matatu. Watu wa redio wako njiani."

"Kapteni, na mimi ni mdai."

"Ndiyo. Na ndiwe peke yako unayejua kubonyeza."

Wakatoka. Bi Mwanakombo akasahau, kwa bahati tu, sahani ya bhajia za moto mezani. Mzee Semboja akakaa nje ya mlango, macho amefumba. Hizza akaondoka bila kuimba, jambo lisilo la kawaida yake. Simu ikalia, mama huyo.

"Mwanangu, majirani wamekuja. Safari hii wamebeba na viti vyao."

Chausiku akaweka kidole juu ya kitufe.

Na mimi namwachia kidole chake hapo hapo. Msinijibu "wote," tarumbeta mmezisikia. Aliyehamisha maiki, aliyeifuata harufu, asiyefumbua macho, au aliyekaa na mafuta wiki nzima? Semeni basi, Bumbuli wamekaa wanangoja: nani alistahili? Na kama kidole kingekuwa chako, na mama anayesikiliza ni wako, ungeliacha jina la nani?