Koti la Turubai la Bi Nsubisi

Haya, sogeeni, na asiwepo wa kunikatiza. Nikimaliza mna kazi ya kufanya, kwa hiyo msisinzie.

Siku hizi mji wa Isongwe una gari jekundu la zimamoto, linang'aa hadi watoto wanajitazamia meno kwenye bodi lake. Mwanzoni hakukuwa na gari. Kikosi kilikuwa watu wa kujitolea tu, na mali yao yote ilikuwa mkokoteni, mapipa manne ya maji, na rimu ya lori iliyotundikwa sokoni ili igongwe moto ukitokea.

Katika kikosi hicho watatu walikuwa na vipaji. Gwakisa, mrefu mwembamba, alikuwa na pua. Isongwe ni mji wa kiwanda cha mbao, watu wanapikia vumbi la mbao na moshi hauishi, lakini yeye aliujua moshi wa chakula na moshi wa balaa. Bupe, mama wa mwili mkubwa aliyekuwa akipika pombe ya komoni, alikuwa na sauti. Akisema njooni, hata wasiomjua walikuja. Ambakisye, mpasua mbao mfupi wa mabega mapana, hakuwa na hofu. Simaanishi kwamba aliificha. Hakuwa nayo kabisa, na mkewe alikuwa akilia kwa ajili hiyo.

Jumamosi moja kikosi kilifanya mazoezi mbele ya watu. Watu wakashangilia, wakaomba tena na tena, na wale jamaa, lo, kwa kupenda sifa, wakamwaga maji mpaka mapipa yote yakakauka. Wakasema watayajaza kesho.

Saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo, Bi Nsubisi, fundi cherehani mwenye mguu mbovu, alisinzia kazini. Pasi yake ikaangusha kaa la moto kwenye vitambaa. Alipozinduka, mlango ulikuwa unawaka, na mguu ule haukuwa wa kurukia dirishani. Akapiga kelele, lakini kiwanda kilikuwa kinanguruma na hakuna aliyemsikia.

Gwakisa alikuwa mtaa wa pili akinywa chai. Pua ikamwambia hicho si chakula. Lakini alishagonga rimu mara tatu bure, mara ya mwisho kwa sababu ya maharage ya mtu yaliyoungua, na wenzake waliapa kwamba akirudia watamfukuza mbele ya mji mzima. Akasimama chini ya rimu. Akagonga.

Kikosi kikaja mbio na mapipa matupu. Aibu iliyoje! Bupe alikuwa na mapipa sita ya komoni ya harusi ya binti yake, na harusi yenyewe ilikuwa kesho. Hakumuuliza mtu. "Leteni ndoo!" akapaza sauti, na soko zima likajipanga mstari. Komoni yote ikaishia kwenye mlango wa Bi Nsubisi. Mji ulinuka pombe wiki nzima, na wakwe walikaa harusini midomo mikavu. Mpaka leo wanalisema.

Moto wa mlangoni ulipofifia, paa lilikuwa linaanza kushuka. Ambakisye akajitupia gunia lililoloa, akaingia. Alitoka na Bi Nsubisi mgongoni, ila sikio lake la kushoto halikutoka zima.

Mwezi uliofuata dereva mmoja wa lori akakipa kikosi kipande cha turubai zito, cha kutosha koti moja la kuingilia motoni. Mkuu wa kikosi akampelekea Bi Nsubisi. "Mama, mshonee aliyekuokoa," akasema. "Na ajue kuwa mwenye koti ndiye atakayetangulia kuingia."

Wakaja wote watatu uani kwake.

"Shikamoo, mama," akasema Gwakisa. "Siku ile nilibakiza kidogo tu niondoke bila kugonga. Nikiwa na koti, hakuna atakayenicheka tena. Nitagonga bila kusita."



"Mimi, binti yangu haniongeleshi," akasema Bupe. "Nataka anione nimevaa koti hilo, ajue mama yake hakumharibia harusi kwa mchezo."

Ambakisye alikuwa amefuatana na mkewe. Mkewe ndiye aliyesema. "Mama, huyu ataingia tena, ukimpa koti au usimpe. Mimi namtaka arudi tu."

Bi Nsubisi aliona haya mpaka machozi yakamtoka, maana pasi ilikuwa yake. Bila rimu, nani angejua? Bila komoni, nani angepita mlangoni? Bila ule mgongo, angetokaje? Aligeuza hivi na vile mawazoni, na kila alipomwondoa mmoja alijikuta amekufa.

Na msiniletee ujanja wa kuvaa kwa zamu. Katika koti la Bupe, Gwakisa angepotelea. Koti la Gwakisa lisingepita mabegani kwa Ambakisye. Turubai ni moja, na likishakatwa limekatwa.

Basi Bi Nsubisi amesimama hapo uani, futi shingoni, chaki mkononi, na watu watatu anaowapenda wanamtazama. Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa pale nyuma, hebu njoo usimame mahali pake. Ungemwambia nani anyooshe mikono umpime?